Maulidi njema watu wa Amu (Lamu), na neno kidogo kwa wenye vipaji

Asalaam alaykum jamaa zangu wote, wa Langoni na Mkomani, wa Shela, Matondoni, Siu, Faza, Pate, Kizingitini, na nyinyi wa Malindi mnaotuona sisi wa visiwani washamba (haya tumewasamehe, ni sikukuu), na wale mko mbali, Jeddah, Doha, Muscat, Nairobi. Mfungo Sita ndo huu tena, tumejaaliwa kuufikia, Alhamdulillahi. Mji ushaanza kujaa wageni, matari yanaanikwa juani ngozi ikaze, wenye punda wanawalisha vizuri mara moja kwa mwaka ati kwa sababu ya mashindano, na mkipita njia za nyuma saa hizi ni harufu ya pilau tu. Maulidi njema kwenu nyote, Mola atutakabalie na mwakani atukutanishe tukiwa wazima.

Sasa nina neno, na wenye haraka rukeni mwende kwa pilau.

Maulidi haya yetu tunayojivunia mpaka watu wanatoka Ngazija (Komoro) na Tanzania na Uganda kuja, yameanzishwa na mtu aliyesomesha wale wasiotakiwa. Habib Swaleh alipokuja Amu kutoka Ngazija hakukaa na wakubwa wa mji peke yao, alikaa na watu wa chini, wakiwemo waliokuwa watumwa na watoto wa watumwa, ambao wenye mji hawakuona haja ya kuwapa elimu. Akawasomesha, na matari yakaingia msikitini, na wapo walionuna sana wakati huo. Na kumbukeni enzi zenyewe, maana hapa pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, si zamani hivo, kuna watu tumewaona kwa macho yetu ambao babu zao walizaliwa kabla ya sheria hiyo. Malindi nako yale mashamba ya mtama na ufuta yaliyoupa mji utajiri karne ya kumi na tisa, tunajua ni mikono ya nani ililima. Hatupendi kuyazungumza haya kwa daka, pale barazani, lakini yapo.

Afu kila mwaka tunasoma sira, maisha ya Mtume, tunafika kwa Bilal, yule mtumwa aliyelazwa kwenye mchanga wa moto na jiwe kifuani anasema Ahad, Ahad, mpaka Abubakar akamnunua na kumwacha huru, akawa muadhini. Tunatokwa na machozi, tunarusha marashi, tunakwenda nyumbani. Na katika mafungu manane ya zaka fungu moja ni la kuwakomboa watumwa, tumelisoma chuoni (madrasani) tukiwa wadogo na wengi wetu tukadhani hilo limepitwa na wakati. Halijapitwa wallahi. Shirika la Kazi Duniani na wenzake walitoa hesabu mwaka 2022, watu milioni 50 duniani wako kwenye utumwa wa kisasa, milioni 28 wanafanyishwa kazi kwa nguvu na milioni 22 wako kwenye ndoa za kulazimishwa. Yaani mtu mmoja kati ya kila 150, wapange watu kwenye zefe, yale maandamano yetu ya Maulidi, uone inatoka wangapi.

Na hapa ndo nataka wasanii wanisikize, maana nyinyi ndo walengwa wangu leo. Kila ukimwambia kijana achore habari ya utumwa, atachora mnyororo. Mikono miwili imefungwa, machozi, nyuma jua linazama. Sawa, picha nzuri, lakini msichana wa huku kwetu akiiona anasema mimi sijafungwa mnyororo, mimi nimepata kazi Saudia, tiketi nimekatiwa, ejenti ni mtu anajulikana na mama. Haimhusu. Mnyororo wa siku hizi ni karatasi. Ni mkataba wa lugha asoijua, ni paspoti inayochukuliwa siku anafika, ni deni la tiketi analoambiwa alilipe kwa mshahara ambao hauji, ni simu kunyang'anywa. Kule Uarabuni kuna mfumo unaitwa kafala, mfanyakazi anafungamana na tajiri aliyemuita, hawezi kuhama wala kuondoka kienyeji tu. Saudia wamelegeza masharti mwaka 2021 lakini wafanyakazi wa ndani wakaachwa nje ya mabadiliko hayo, na sisi watoto wetu wengi wanakwenda kufanya hiyo kazi ya ndani. Chora hilo basi. Chora droo yenye funguo na paspoti ndani, yule msichana ataelewa bila maelezo.

Mambo haya ya kuchora utumwa yana historia yake pia. Mwaka 1787 kule Uingereza mfinyanzi Josiah Wedgwood alitoa kijisahani kidogo chenye picha ya mtu mweusi amefungwa, na maneno ya kuuliza je mimi si binadamu na ndugu, wanawake wakakivaa kama kidani na bangili na kibanio cha nywele, na ikasaidia sana kueneza kampeni ya kupinga utumwa. Ila yule mtu amepiga magoti, anaomba. Mimi hiyo siipendi, nasema ukweli wangu, maana imekaa kwenye vichwa vya watu miaka zaidi ya mia mbili kwamba mtumwa ni mtu wa kuonewa huruma na kuokolewa na mwingine. Ukienda Unguja pale Mkunazini, kwenye soko la zamani la watumwa ambalo Sultan Barghash alilifunga 1873, kuna sanamu za Clara Sörnäs wa Sweden, za 1998, watu watano ndani ya shimo na minyororo shingoni, lakini wamesimama. Wanakutazama na wewe unaona haya. Na Romuald Hazoumè wa Benin yeye alichukua madumu ya petroli, yale yale ya kubebea magendo kwa pikipiki kwao, akayakata yakawa nyuso, akayapanga umbo la meli ya watumwa, British Museum wakainunua. Dumu! Kitu kiko kila nyumba hapa Amu. Kwa hivo hakuna wa kuniambia rangi ni ghali.

Nairobi nako HAART Kenya, shirika linalopambana na usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2010, wana kazi yao ya kukusanya wasanii kupinga utumwa, wachoraji, washairi, waimbaji. Jambo zuri. Ila mimi naona huku kwetu haitaki ukumbi. Sifa za Uarabuni zinafikaje kwa wasichana? Zinafika arusini, kwa vugo (ngoma ya wanawake), kwa tiktok, kwa kanga mpya na dhahabu ya aliyerudi salama. Onyo nalo lipite huko huko. Likija na semina na chupa ya maji na nauli ya kurudi, watu watasaini wale wanywe waondoke.

Kanga kwa mfano. Nani atatoa kanga ya "Kazi naitaka, paspoti yangu siachi"? Mimi nanunua doti mbili leo. Na washairi wa Amu, mji huu umejaa watunzi wa tenzi za kuonya, tuna urithi huo, haiwezekani tuwe na beti za uchaguzi na za mirungi na za mahaba halafu hili likose. Mimi si mtunzi ila nimejaribu, msinicheke:

Mwanangu jongea hima,
mkataba kwanza soma,
lugha ikikupa homa,
saini usiitie.

Nakala wacha nyumbani,
na jina la mtaani
utakokuwa kazini,
nyuma tukufuatie.

Mwenye sauti aziongeze mahadhi. Na mwenye kujua zaidi yangu aongeze ubeti wa ejenti, kwamba ejenti halali anasajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na jina lake unaweza kulitafuta kabla hujampa hata shilingi. Na ubeti wa sheria, maana Kenya sheria iko, ya 2010, anayefanya biashara ya binadamu ni kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Vijana nao mjiangalie, kuna wanaoitwa kazi ya kompyuta Asia huko wakajikuta wamefungiwa Myanmar wanalazimishwa kuwatapeli watu mtandaoni, na ni Wakenya wenzetu wenye digrii zao.

Kitu kimoja nawaomba sana lakini. Akirudi mtu na yamemkuta, msimburute jukwaani alie mbele ya wageni wa heshima ati ndo sanaa. Mwenyewe akitaka kuimba aimbe, akitaka kunyamaza anyamaze, na akichorwa aulizwe, na uso wake si wa kubandika fesibuku. Nimeona watu wazima wakifanya hivo na nia njema, na yule dada alikaa wiki hatoki nje.

Na tusimalizie hasira zote Uarabuni, jamani. Kuna watoto wameletwa kutoka bara na vijijini kufanya kazi kwenye nyumba zetu hizi hizi zenye milango ya nakshi, hawaendi shule, mshahara anatumiwa mjomba, au hata hautumwi. Kuna vichochoro Malindi ambavyo kila mtu anajua mtalii mzee anafuata nini, na watu wanageuza uso kwa sababu kuna pesa inaingia. Msanii akigusa hapo atapigiwa simu na jamaa zake kabla ya watu wa serikali, hilo najua, ndo maana wengi wanachora mnyororo na jua linazama, halina mwenyewe wa kukasirika. Mtoto mkimuona ana shida namba ni 116, bure, usiku na mchana.

Mtume wetu swalla Allahu alayhi wasallam alituambia mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Wiki hii ya Maulidi anayedaiwa na mtu wa jikoni kwake, anajijua.

Haya, zefe ni baada ya ziara kwenye kaburi la Habib Swaleh kama kawaida, tunashuka mpaka ufukoni, kanzu safi na viatu vya kutembea. Vijana wa mabrashi, kuna mzee ametupa ukuta wake mkubwa njia ya kwenda Langoni, amesema tuchore tutakalo ila tusimchoree mtu anayelia, na rangi ya buluu ipo, nyeupe na nyekundu bado, mwenye nazo alete. Mabinti wa chuo nimewapa zile beti, wanazitia kwenye matari, wamenibadilishia mstari mmoja na umekuwa bora kuliko wangu. Na nyinyi mlio kwenye nyumba za watu Jeddah na Doha mnaosoma hii usiku baada ya vyombo, tupigieni au mtuandikie hata neno moja, mtaje mtaa mliopo. Kullu aam wa antum bikheir, Maulidi njema.