Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote.

Hesabu mtasomewa na mweka hazina, kwa hiyo sitazigusa ila panapohusu kodi ya banda. Mimi nitazungumzia jambo lililotugawanya mwaka huu: vitu vinavyofinyangwa kwenye vikao vyetu, ambako watu hushika udongo ili kutua machungu ya moyoni, viuzwe au visiuzwe?

Kwanza kazi yenyewe. Vikao vya Jumamosi viliendelea, isipokuwa Ramadhani tulipovisogeza asubuhi. Kina mama waliomba siku yao peke yao, wakapewa. Masika ilitutesa. Udongo wetu hutoka Jomvu, hapa Mombasa, ambako ufinyanzi ni kazi ya kina mama tangu jadi, na kwa unyevu wa mwezi wa tano haukauki upesi. Chungu kikitiwa motoni kingali na maji ndani, maji hugeuka mvuke na chombo hupasuka. Tulipoteza vingi. Siku hizi tunachanganya vigae vilivyotwangwa na tunaanika muda mrefu zaidi.

Kwa anayejifunza ufinyanzi, chungu kupasuka ni hasara ya kawaida. Kwa aliyekifinyanga huku akimkumbuka marehemu mwanawe, ni msiba wa pili. Ndiyo maana sasa kila mmoja huulizwa: chako kichomwe, kiachwe kibichi, au kirudi kwenye ndoo kiwe udongo tena? Wengi huchagua ndoo, jambo ambalo mimi sikulitarajia.

Mzee mmoja, mstaafu wa bandarini, ameniruhusu niwasimulie habari yake. Alikuja kumsindikiza mkewe, akakaa mlangoni na simu yake. Mshauri nasaha akampa bonge la udongo, amsaidie kulikanda ili litoke hewa. Akaligonga mezani, akalikunja, akaligonga tena, na bila kumtazama mtu akaanza kueleza ajali iliyomuua mwenzake kazini. Hakuna aliyemuuliza. Nadhani siri ni hiyo: mikono ikiwa na shughuli, macho yanapata pa kutua, na mwanamume hajioni kama amewekwa kitako ahojiwe. Siku ile hakufinyanga chochote, wala hatukumdai.

Wanaouliza ushahidi wana haki. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipima mate ya watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kuchora, kubandika karatasi au kufinyanga. Kwa takriban robo tatu yao, kiwango cha kortisoli, homoni inayohusishwa na mfadhaiko, kilishuka, awe mzoefu wa sanaa au asiwe. Tusisahau tu kwamba wapo ambao kilipanda. Hata kwetu wapo ambao udongo huwachokoza. Hao hunawa mikono wakapumzika, na hakuna wa kuwashurutisha.

Tena sisi si hospitali. Sheria ya mwaka 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia inataka anayetoa huduma hiyo awe amesajiliwa, kwa hiyo mwanachama aliyehudhuria semina mbili tatu asijiite tabibu, tafadhali. Na mtu akisema amechoka kuishi, hatumkalishi kwenye meza ya udongo tukangoja. Tunamsindikiza hospitali ya Port Reitz, kwenye kitengo cha afya ya akili, siku hiyo hiyo.

Sasa hilo la kuuza. Baadhi yenu mnataka tuweke meza karibu na Fort Jesus, watalii wanunue vyetezo na vinyago, tulipe kodi. Kodi imepanda, sikatai. Lakini mtu akijua kitu chake kitauzwa, atafinyanga cha kupendeza. Mlijionea alipokuja mgeni na kamera: maongezi yalikatika, na kila mtu akaanza kulainisha kingo za chombo chake. Mama mmoja alikifunika chake kwa mtandio hadi mgeni alipoondoka.

Kamati inapendekeza tufungue darasa la ufinyanzi siku za kazi, lenye ada, na vyombo vya darasa hilo ndivyo viuzwe. Vya kwenye vikao visiuzwe, visipigwe picha, na mwenyewe ndiye aamue hatima ya chombo chake. Najua darasa halitaleta pesa mwezi wa kwanza, na mweka hazina atawaambia tuna akiba ya kutufikisha wapi.

Pendekezo mtalipigia kura baada ya chai. Wanaolipinga ndio watakaoanza kuzungumza.