Lile tundu kwenye bomba la pampu, tafadhali usilizibe

Simu tunazopigiwa na wateja tuliowafungia pampu ya kutoa maji shimoni ni ileile: "Mmetoboa bomba jipya, linarusha maji shimoni, njooni mrekebishe bure." Wengine hawapigi, wanaziba kwa gundi. Mvua ikirudi, shimo linajaa, pampu inanguruma bila kutoa tone, na sisi tunaambiwa tumeuza feki.

Tundu hilo la milimita 5 ni la makusudi. Tunalitoboa kati ya pampu na chekivalvu (vali yenye ulimi unaoruhusu maji kupanda, lakini si kurudi), chini ya mfuniko wa shimo, likielekea chini. Kiangazi maji yakishuka kuliko pampu, hewa huingia ndani ya pampu. Maji yakipanda tena na tundu halipo, hewa haina pa kutokea, kwa kuwa juu ulimi wa chekivalvu umekandamizwa na maji yaliyosimama bombani. Impela (feni ya ndani ya pampu inayosukuma maji) inazunguka kwenye hewa, na hewa haiwezi kuinua ulimi uliobeba mita 6 za maji. Sili (kizuizi cha maji kuingia kwenye mota) inakauka, mota inachemka. Kile kimchirizi unachokiona kinarudi shimoni na kusukumwa upya. Hasara yake ni ndogo mno. (Pampu chache huja na tundu lake mwilini. Hizo hatuzitoboi.)

Wengine hutuambia: "Basi ondoeni chekivalvu." Bomba la inchi 2 hubeba karibu lita 2 kila mita. Likipanda mita 6, kila pampu inapozima lita 12 zinarudi, na katika shimo la sentimita 40 kwa 40 maji yanapanda sentimita 7 na nusu. Floti (boya linalowasha pampu) ikiinuka, pampu inawaka kusukuma maji yaleyale, na umeme wa Luku unakwisha. Penye pampu mbili kwenye bomba moja ni vibaya zaidi: maji ya inayofanya kazi yanashukia kwenye iliyolala na kuizungusha kinyume.

Kuhusu bei: kwa maji ya choo hatufungi chekivalvu ya springi ya dukani. Ukiifungua baada ya muda utakuta nywele na nyuzi za mopu zimejisokota kwenye springi, ulimi umebaki wazi upana wa kidole. Tunafunga ya gololi ya mpira, inayosogea pembeni na kuacha njia wazi. Juu yake tunaweka geti valvu (ya kufungia maji) na yunioni (kiungio cha kufungulia bomba). Ukikataa tusiviweke ili kupunguza gharama, siku ya kusafisha zile lita 12 zitamwagikia fundi, na hiyo tunaitoza.

Ukisafisha shimo, pitisha waya kwenye tundu. Uchafu nao huliziba.