Ogani ya umeme sio ya kizamani jamani

Mhariri, naomba kanafasi. Mimi napiga kinanda kwaya moja hapa Nkuhungu, Dodoma, na kila nikiweka sauti ya ogani vijana wanalalamika eti toa hiyo ni ya kizamani, na mimi nacheka tu maana hawajui ilikotoka.

Laurens Hammond wa Chicago alikuwa mtu wa kutengeneza saa, mwaka 1935 akaleta ogani ya umeme, kanisa lisilo na hela ya ogani ya mabomba nalo likapata yake, na cha kuchekesha mwenyewe hakujua kupiga! Ile B-3, ogani yake maarufu, ukiifungua unakuta magurudumu 91 ya chuma yanazunguka kila moja mbele ya sumaku yake, hakuna chip wala nini. Mota inafuata mapigo ya umeme, sasa ya Marekani ya hezi 60, yaani mapigo 60 kwa sekunde, ukiichomeka huku kwetu hezi 50 bila kuirekebisha, wimbo unashuka karibu nusutoni tatu, soprano wetu wangefurahi kweli.

Halafu Jimmy Smith, mpiga ogani hiyo, huyo ndo baba lao, alikuwa anapiga jazi huku besi anaitembeza mwenyewe kwa mkono wa kushoto na miguu. Jon Lord wa bendi ya roki ya Deep Purple yeye akaipitisha kwenye amplifaya za gitaa ikanguruma. Na ule mtetemo mtamu ni spika ya Don Leslie, ina honi inayozunguka ndani ya kabati.

Kwa hiyo vijana, Jumapili naiweka tena.

Mpiga kinanda, Dodoma