Zuhura mwanangu, ile PIN umeweka au bado?

Mwanangu, salama? Huku wazima, babu yako ni miguu tu inamsumbua. Nakuandikia maana voice note zangu najua huzimalizi, unasikiliza mwanzo unaandika "sawa mama". Leo usinijibu sawa mama. Nijibu umeweka PIN ya WhatsApp au hujaweka.

Mama Fadhili wetu wa kikoba kaibiwa akaunti. Huyo huyo mweka hazina. Asubuhi imeingia meseji kwenye grupu, "ndugu zangu mwenye laki na nusu anikopeshe, benki inasumbua, jioni narudisha", na picha yake ipo pale pale. Bi Mwanahawa akaja mbio kibandani kwangu pa uwakala hela mkononi, tuma haraka mwenzetu ana shida. Naingiza namba, linakuja jina la mwanaume hatumjui si mimi si yeye. Namwambia mpigie kwanza, ananambia labda laini ya shemeji yake, halafu nimepiga WhatsApp hapokei. Nikamwambia piga kawaida. Kupiga, mwenyewe yuko shamba anachuma machungwa, hana habari, anasema WhatsApp imemtoa tangu alfajiri akadhani bando limeisha! Bi Mwanahawa kapona, ila kuna wawili walishatuma kwa mawakala wengine na hela ndio imekwenda.

Na alivyoibiwa sasa. Kaandikiwa na mtu anayemjua, ambaye naye kumbe alishaibiwa, "samahani nimekosea namba, kuna tarakimu sita zimekuja kwako kwa meseji nirudishie". Akarudisha. Basi, hakuna utaalamu mwingine. Zile sita zinakuja pale mtu anapofungua WhatsApp yako kwenye simu nyingine, ukimpa umemkabidhi. Na jizi likaweka PIN lake humo humo, kwa hiyo Mama Fadhili hata alivyoomba zile sita upya akaziingiza, jizi likatoka lakini yeye mwenyewe kaambiwa asubiri siku 7 ndio aingie. Angekuwa na PIN yake kabla, zile sita peke yake zisingemsaidia mwizi. Nenda Mipangilio, Akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, weka, na barua pepe yako uiweke hapo ukija kusahau. Na usiweke tarehe yako ya kuzaliwa, kila mwaka unaiposti na keki.

Yaani mimi nakusifia kwa wateja mpaka wananichoka, binti yangu yuko Dodoma anasoma uhasibu, halafu mhasibu mwenyewe paswedi ni jina lake na 123. Usibishe, mdogo wako kanambia, na yuko darasa la tano. Moja hiyo hiyo Instagram, Gmail, mpaka akaunti ya bodi ya mkopo. Wakiipata moja wanaijaribu kote. Gmail ndio uianze maana huko kwingine kote ukibonyeza umesahau paswedi, jibu linakwenda Gmail. Na ile Gmail tuliifungua kwa namba yangu ya zamani, ile laini ilishakufa na laini zikifa kampuni wanamuuzia mtu mwingine, kwa hiyo itoe, weka yako.

Steshenari za hapo chuo nako uangalie. Najua mnafungua WhatsApp kwenye kompyuta ya pale mprinti kazi, foleni ndefu, unachukua karatasi unaondoka, akaunti imebaki wazi kwa watu. Ukitoka fungua vifaa vilivyounganishwa uone kama kuna kompyuta usiyoijua, iondoe. Na mtu akikupa herufi nane uziandike humo eti uingie kwenye grupu la ajira, anaunganisha simu yake na yako huyo.

Piga na *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Hawa vijana wa miavuli wanaosajili laini nawaona hapa stendi kila siku, "mama kidole hakijasoma, weka tena", unaweka mara tatu unaondoka na laini moja. Nyingine anabaki nazo nani? Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" unazipeleka 15040, usijibizane nao.

Baba yako anasema nakutisha bure. Yeye PIN yake kaiandika kwa kalamu nyuma ya kava la simu, basi mwache.

Hata mimi nikikuandikia nitumie zile namba sita, usitume. Nikiomba hela kwa meseji, nipigie nisikie unanidai salamu kwanza ndio utume. Na boom, hela yenu ya mkopo, likiingia hakuna haja ya kuweka status, nani kakuuliza? Umeweka PIN?

Mtungi wa gesi umeisha tunapikia mkaa, nao umepanda bei sijui kwanini. Kuku wako yule mwekundu kaatamia, mayai tisa, nimemwambia mdogo wako asimguse lakini unamjua. Ada yake nimelipa nusu. Shangazi yako wa Korogwe kauliza mbona humpigii, mpigie hata dakika mbili, ndiye aliyekununulia godoro lile.

Machungwa nimempa konda wa basi la kesho, gunia dogo, kanga yangu ya zamani imefungwa juu. Mzigo nimeulipia huku huku, risiti ninayo. Akitokea mtu anakupigia eti ongeza elfu tano ya kushusha, usitume kitu, nenda stendi mwenyewe ukachukue na umwambie mama kalipa.