Usimpake BBE, Mama Zuhura

Ujiji, Kigoma

Mpendwa Mama Zuhura,

Salaam nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo, ila dagaa wameadimika, mbalamwezi imewalaza wavuvi nyumbani. Ulipoandika kwamba vipele vya kichanga chako vimeanzia nyayoni na viganjani, moyo ulinipiga. Ndivyo ulivyomwanza Shabani wangu, ule upele wa kidudu kinachochimba ngozini. Sisi wakubwa upele hututoka katikati ya vidole na kiunoni. Vichanga huwapanda mpaka kichwani na usoni, na mabibi wote wanasema ni harara.

Mimi nilikimbilia duka la dawa, nikapewa BBE, ile dawa ya upele ya kupaka (benzyl benzoate), ileile waliyokuwa wakitupaka bwenini. Shabani alikuwa na wiki tano. Nilimpaka mguu mmoja tu, alilia kilio ambacho hadi leo nakisikia, na mguu ukawa mwekundu. Nikamwosha, nikambeba mbio kliniki.

Muuguzi hakunigombeza. Alisema BBE inaunguza ngozi laini kama ile. Krimu ya permethrini ya asilimia 5 ni nzuri, ila kwa kawaida husubiri mtoto atimize miezi miwili. Vidonge vya ivermektini havipewi mtoto wa chini ya kilo 15. Kwa umri wa Shabani alimwandikia salfa kwenye vaselini. Nilicheka, shoga yangu, maana ndiyo kile bibi alichokiita kibiriti upele! Lakini usije ukakoroga mwenyewe jikoni. Huwa ni asilimia 5 hadi 10, na anayepima ni mtu wa dawa.

Nilimpaka usiku tatu mfululizo, namwogesha kabla ya kumpaka tena. Utosini, nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya shingo, chini ya kucha. Niliruka macho na mdomo tu. Mikononi nikamvisha soksi asilambe. Nyumba nzima ilinuka yai viza.

Mama mkwe yeye alitaka mise, yale mafuta ya kokwa za mchikichi. Nikamwambia mise inalainisha ngozi, haiui kidudu. Alininunia siku mbili.

Sasa kosa langu kubwa. Baba Shabani alisema, "Mimi siwashwi, nipakwe nini?" Nikamwacha. Baada ya wiki tatu upele ukarudi kwa mtoto kama haujawahi kuondoka. Kumbe anayeupata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita ndipo aanze kuwashwa, na muda wote huo anaambukiza. Na fikiria arobaini yetu, mtoto alipakatwa na wangapi!

Mara ya pili tulipaka wote usiku mmoja, sisi wakubwa BBE, mtoto salfa yake, hata binti wa kazi na mama mkwe aliyenuna. Asubuhi nikachemsha kanga, mbeleko na mashuka, nikaanika juani. Blanketi nililifunga kwenye mfuko siku nne, maana kidudu kikikosa ngozi ya mtu hakimalizi siku nyingi. Wewe ukijipaka, futa chuchu vizuri kabla ya kunyonyesha. Baada ya wiki moja tulirudia, kama muuguzi alivyotuagiza.

Muwasho utaendelea kidogo hata kidudu kikishakufa, wiki mbili au zaidi. Usiongeze dawa kwa hofu. Lakini vikitunga usaha, au mtoto akipata homa au akikataa ziwa, usingoje jibu langu, nenda kituoni siku hiyohiyo. Na usione haya kusema neno upele mbele ya majirani. Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele tangu 2017, sisi ni nani tuufiche?

Shemeji yangu anapanda treni kuja Tabora Ijumaa. Nimempa mawese lita mbili na soksi za Shabani jozi tatu. Nimezichemsha mara mbili, usiogope.

Ni mimi,
Mama Shabani