Kusi anaondoka Alhamisi

Mwanangu Zainabu,

Marahaba. Hapa Masasi, kwenye bustani yetu ya wanyama, hatujambo, ila mamba hali chakula vizuri tangu baridi ianze. Unamjua, kila mwaka ndivyo.

Nakuandikia kabla mdogo wako hajakuwahi kwa simu. Kusi anaondoka Alhamisi. Nimebadilishana na mfugaji wa Arusha: farasi wake dume anakuja huku, wetu anakwenda huko.

Usinune kwanza. Korosho na Tausi, uliowapokea kwa mikono yako usiku waliozaliwa, wametimiza miaka mitatu. Baba yao nani kama si Kusi? Nimemtenga nao kwa ua wa mianzi, kauvunja mara mbili. Dume akipanda binti zake, hasara huioni leo. Inakuja taratibu: mtoto dhaifu, jike asiyeshika mimba. Na farasi hubeba mimba miezi 11; mwaka wote huo nibahatishe?

Jumamosi walikuja watoto wa shule. Wakampita fisi, wakampita chatu, wakaenda kujazana kwa Kusi. Fisi wanamsikia nyuma ya nyumba zao kila usiku, watoe kiingilio wakamtazame wa nini? Mmoja akaniuliza, "Babu, huyu nyumbu analiwa?" Babu! Nywele zenyewe bado nyeusi.

Ninachohofia ni njiani. Punda akiumwa na mbung'o anaweza kujikongoja, lakini farasi akipata nagana, ule ugonjwa anaoueneza mbung'o, anakufa haraka. Mbung'o anauma mchana, kwa hiyo lori litaondoka baada ya magharibi, na nimemwambia dereva avuke daraja la Mkapa pale Rufiji kabla hakujapambazuka. Kibali cha kumsafirisha kimeshatoka.

Mama yako alimshonea blanketi la buluu, zuri kweli, kalitarizi pembeni. Nikalikataa. Buluu ndiyo rangi mbung'o anayoifuata, hata mitego yake hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi. Siku mbili hakunisemesha. Sasa anashona la rangi ya udongo, na chai yangu bado inakuja bila sukari.

Jumatano nitakuwa bandani kuanzia saa kumi na mbili jioni. Piga simu, nitamwekea Kusi spika sikioni. Usiongee sana, piga ule mluzi wako tu.

Baba yako