Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Zanzibar: Tuwapeleke watoto Mkunazini

Mheshimiwa Waziri,

Asalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Muislamu, mzaliwa wa Mji Mkongwe. Nina ombi moja: kila mwanafunzi wa Unguja na Pemba aingie Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, japo mara moja, kabla hajamaliza skuli, na aelezwe kwa Kiswahili.

Pale palikuwa na soko la watumwa. Sultani Barghash alilifunga Juni 1873, Waingereza walipombana, na Krismasi ya mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Mbele ya madhabahu kuna duara jeupe sakafuni, limezungushiwa wekundu. Wazee husema ndipo uliposimama mti waliofungwa watu wakichapwa. Nje, ndani ya shimo, zimesimama sanamu tano zenye minyororo shingoni. Minyororo ile ni ya kweli. Na tusiwafiche watoto kwamba wengi waliouzwa pale hawakuvushwa bahari. Waliishia kwenye mikarafuu ya hapa hapa kwetu.

Lakini mimi, mtu wa lugha, moyo wangu uko nyuma ya madhabahu. Hapo amezikwa Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, akafariki 1882. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu miaka mingi kabla hajafika. Yeye alikaa na Waunguja, akasikiliza ngano zao, akaziandika kwa maneno yao na kuzichapa 1870, mwaka aliotoa pia kitabu chake cha sarufi. Kiunguja kilipochaguliwa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kazi hiyo ilikwishafanywa zamani. Wanafunzi wangu huandika insha kila wiki, kaburi liko mwendo mfupi tu kwa miguu, wala hawalijui.

Najua wako wazazi watakaosita mtoto kuingia kanisani. Nawaelewa. Niwakumbushe tu kuwa saa ya mnara ule husimuliwa kuwa ni zawadi ya Barghash mwenyewe.

Kwa skuli za mjini inatosha asubuhi moja na mwalimu aliyejitayarisha. Wa Pemba ndio wenye safari: nauli ya boti, chakula, pahala pa kulala. Naomba Wizara ianze na hao. Kundi la kwanza nitalipokea mwenyewe bandarini Malindi, siku yoyote mtakayopanga.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Kiswahili, Mji Mkongwe